Aliyeanguka mkarafuu hakukosa ufahamu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu hukatwa, nami nikianza kusema huwa sijui kunyamaza, kwa hivyo kateni mtakapo.

Toleo lenu la wiki iliyopita lilikuwa na habari fupi ya kijana aliyeanguka mkarafuu huku kwetu Pemba akakimbizwa hospitali. Mwandishi wenu kaandika kuwa kijana huyo “alifikishwa akiwa hana ufahamu”. Nilipofika hapo nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Ufahamu ule ule. Nikafungua kurasa za kati, nikamkuta mkubwa wa idara moja akiwataka wafanyakazi wake “wawe na ufahamu wa gharama”. Na kwenye matangazo, chini kabisa, kuna mtu anauza juisi ya tangawizi kwa “watu wenye ufahamu wa afya”. Gazeti moja, ufahamu mara tatu, na zote tatu naona wazi kuna neno moja la Kiingereza limejificha nyuma yake, kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia na miguu yake yote miwili ipo nje. Neno lenyewe ni “conscious”: la mwenye fahamu zake, na pia la mwenye kujali jambo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka 34, maana faili za wagonjwa tulikuwa tukiziandika kwa Kiingereza, na kila zamu, kila kitanda, jambo la mwanzo kuandikwa ni kama mgonjwa ni “conscious” au “unconscious”. Limenitia aibu zaidi ya mara moja. Kwa hivyo ninayoyasema hapa siyasemi kwa kuwa najua kuliko mwandishi wenu. Nayasema kwa kuwa makosa yake niliyafanya mimi kabla yake.

Kwa mtu aliyesoma skuli za hapa, ufahamu ni ile sehemu ya mtihani wa Kiswahili: soma habari ifuatayo, kisha jibu maswali. Mtu asiye na ufahamu ni mtu asiyeelewa mambo, kichwa kizito, ukimueleza jambo halimuingii. Aliyeanguka mkarafuu akalala pale chini hajibu, huyo kapoteza fahamu. Hana fahamu. Mtanambia ni herufi moja tu. Basi ngojeni niwaeleze herufi hiyo ilivyonifanya.

Nilikuwa bado mgeni wa kazi, sare yangu inanuka wanga, na ulikuwa msimu wa karafuu. Wasioujua msimu huo niwaambie kidogo. Mkarafuu mkongwe hupita mita 10 kwenda juu, na tawi lake halina imani, hukatika bila kulia. Mchumaji analipwa kwa pishi. Sasa mashada mazuri yapo ncha ya tawi, na pishi halijajaa, na jua linakuchwa. Mtu husogea kidogo, akasogea tena kidogo. Siye hospitali tulikuwa tukijua karafuu zimeshika mwaka huo kwa kuhesabu waliovunjika.

Aliletwa kijana mmoja juu ya mlango. Mlango hasa, uliong'olewa nyumbani kwao, maana machela haikuwapo. Daktari akauliza, “Conscious?” Nikamjibu hapana. Nikatoka nje kwa mama yake, aliyekuwa amesimama amejishika kichwa, na mimi kwa kujiona nimesoma nikamwambia, “Mama, mwanao bado hana ufahamu.”

Yule mama alinitazama toka kiatu mpaka kofia. “Hana ufahamu? Mwanangu kasoma mpaka fomu foo, juzuu thalathini kazihitimu, weye mtoto wa juzi ndo wanambia mwanangu hana ufahamu?” Akaanza kunihesabia na wazee wangu. Alinusuru mkunga mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipita na ndoo yake. Akaiweka chini, akamwambia, “Dada yangu, mtoto kazimia. Hajazinduka.” Mama akanyamaza pale pale. Akakaa kwenye ngazi, akasema, “Basi atazinduka, inshaallah.”

Habari ni ile ile, Mhariri. Ya kwangu ilikuwa tusi, ya mkunga ilikuwa na tumaini ndani yake, maana kilichozima huwashwa, na hajazinduka ni mtu ambaye bado tunamngojea azinduke. Vijana wa siku hizi neno hili wamelitia mapenzi, utasikia “namzimia fulani”. Hiyo shauri yao, ingawa nikiwaona baadhi yao naamini kweli wamezimia.

Nilichojifunza siku ile ni kuwa Kiingereza kina neno moja pana kama jamvi, na Kiswahili kina vitu vingi vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kina pahala pake. Mtu anazimia au anazirai. Anazinduka, nasi Wapemba utatusikia twasema anazindukana. Anaweweseka, yaani anasema lakini maneno yake yanatoka pahala asipo. Yupo macho. Anakodoa macho tu, hajijui hajitambui. Anazo akili zake. Na kuna mahututi, ambalo magazeti mnalipenda sana, lakini mahututi si kuzimia: nimeuguza mahututi waliokuwa wakinipa wasia wa ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi.

Na haya hatukufundishwa na Mzungu. Kabla sijatia mguu skuli nilikaa juu ya jamvi chuo cha Kurani, nikafundishwa yanayotengua udhu, na mojawapo ni kuondokewa na akili, kwa usingizi au kwa kuzimia. Isipokuwa, na hapa mwalimu alikuwa akituinulia kidole, aliyesinzia naye kaketi vizuri, makalio yamegota chini. Huyo udhu wake upo. Watoto wa miaka sita tulikuwa tukijua kuwa kusinzia si kulala, na kulala si kuzimia, na kila kimoja kina hukumu yake. Nilipokwenda kusomea uuguzi nikafundishwa mambo hayo hayo kwa Kiingereza kama kwamba ni mapya.

Jambo la ajabu ni kuwa wenye neno lao wenyewe liliwashinda. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, huko Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo ambacho mpaka leo kinatumika dunia nzima kwa mtu aliyeumia kichwa. Shida ilikuwa madaktari hawaelewani. Huyu akiandika mgonjwa ni nusu “conscious”, mwenzake wa hospitali nyengine akisoma anafahamu kitu chengine kabisa. Basi hawa wakaliweka neno pembeni, wakauliza mambo matatu ambayo hata mtu aliyeanza kazi jana anaweza kuyaona: macho anayafungua vipi, maneno anajibu vipi, viungo anavivuta vipi. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Mzima anapata 15. Ya chini kabisa ni 3, si sifuri, kwa hivyo hata gogo la mnazi ukilipima litapata 3. Akiwa na 8 kushuka chini, hapo kichwa kimeumia vibaya na hutakiwi kukaa.

Kipimo kizuri. Unaita jina la mtu. Hafungui macho, unamkandamiza ukucha kwa ubavu wa kalamu, unatazama kama anaukwapua mkono au anaukunja tu. Hakuna falsafa hapo. Lakini kwenye maneno, ili mtu apate zile 5 kamili, lazima ajibu yeye nani, yupo wapi, na leo lini. Na hapo ndipo Kiswahili kilipotuchongea.

Alikuja mzee mmoja amepigwa pembe kwenye mchezo wa ng'ombe. Wageni wanaosoma barua hii wajue kuwa Pemba tunacheza na ng'ombe, watu husema tuliachiwa na Wareno. Ng'ombe hauawi, ila mchezaji mara nyengine hukaribia. Mzee yule alidondokea kisogo. Alikuwepo daktari mgeni kutoka ng'ambo, hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji, mimi nikawa mkalimani. Ilikuwa Alkhamisi, maghrib imeshasaliwa. Tukamuuliza jina, akataja lake na la baba na la babu na angeendelea. Upo wapi? “Spitali, kwani mie kipofu?” Leo siku gani? Akasema, “Ijumaa.” Nami nikatafsiri vile vile. Saa ngapi sasa? Akatazama dirishani, akasema, “Itakuwa saa mbili kasorobo.” Nikatafsiri na hiyo kama ilivyo, kwa Kiingereza, mbili ni mbili.

Daktari akatazama saa yake ya mkononi, inamwambia nane kasorobo za usiku. Akatazama kalenda ukutani, inamwambia Alkhamisi. Akaandika kuwa mgonjwa amechanganyikiwa. Maneno 4, jumla 14, aamshwe kila baada ya saa moja na aulizwe upya.

Basi usiku ule ulikuwa na kazi. Kila mzee akishikwa na usingizi naenda namtikisa bega: “Babu, leo siku gani?” Mara ya kwanza, Ijumaa. Mara ya pili, Ijumaa. Mara ya tatu akaketi kitandani, bandeji kichwani, akasema, “Mwanangu, kama siku hamzijui nyie, muulizeni sheha, mie niacheni nilale.” Ndipo akili zikanirudi mimi. Kwetu jua likichwa siku imekwisha, usiku ule ni usiku wa Ijumaa, imeshaingia. Na saa mbili yake ndiyo nane ya daktari. Katika chumba kile aliyekuwa anajua vizuri kuliko wote leo ni lini, kwa hesabu ya kwao, ni aliyepigwa pembe. Asubuhi nikamueleza daktari, akacheka mpaka akatoa miwani, akaifuta ile 14 akaandika 15. Nilipomwambia mzee kuwa amepata zote, aliniuliza zawadi yake iko wapi.

Mjukuu wangu anasoma Kiingereza chuo kikuu, Tunguu. Nilipomuonesha gazeti lenu na kumwambia nakusudia kuandika, alinisaidia kulichimba neno lenyewe. Limetoka Kilatini, “conscius”, na limefumwa kwa vipande viwili: pamoja, na kujua. Mwenye kujua pamoja na mwenziwe. Hapo zamani likatumiwa kwa mtu mnayeshirikiana siri. Nikamwambia, mwanangu, sisi tunalo hilo, huyo ni msiri. Msiri wako ndiye anayejua pamoja nawe. Baadaye Wazungu wakaona mtu anaweza kujua jambo pamoja na nafsi yake mwenyewe, akawa ndiye msiri wa nafsi yake, na hapo ndipo maana zote hizi zilipoanza kutoka. Neno lao la dhamiri, “conscience”, ni ndugu baba mmoja mama mmoja na hili, na Wafaransa mpaka leo wanatumia neno moja kwa yote mawili. Sisi dhamiri na fahamu tumeziweka nyumba mbali mbali, na naona tumefanya vyema, maana nimewaona watu wengi tu wenye fahamu zao kamili.

Akanisomea na kisa ambacho muuguzi yeyote atakipenda. Mwaka 1601, London, mtunzi Ben Jonson aliweka jukwaani mchezo uitwao Poetaster. Ndani yake mna mshairi mwenye majivuno anayependa maneno makubwa makubwa ya kigeni. Wenzake wamechoka naye, wanampa dawa ya kutapisha. Linaletwa beseni, na mshairi anatapika maneno moja moja mbele ya watu. Na mojawapo ya yaliyodondoka katika beseni lile ni “conscious”. Wakati huo lilikuwa geni, watu wakaliona la kujitutumua tu. Nimeshika mabeseni mengi maishani mwangu, Mhariri, sikupata kuona kivumishi. Lakini kisa hiki kimenipoza moyo: kama Waingereza wenyewe neno hili walianza kwa kulitapika, basi na siye tusione haya tukisita kulimeza.

Sasa niseme juu ya matumizi yake mengine, maana hapo ndipo magazeti mnapoteleza, na ndipo nilipoteleza mimi kuliko wote.

Kuna binti wa jirani yangu, msichana madhubuti, akili yake nzuri, aliomba nafasi ya kusomea uuguzi na akaniomba nimuandikie barua ya kumsifu. Kwa Kiswahili ningesema ni msichana anayejitambua, na kila mtu angeelewa: anajua alikotoka na anakokwenda, hachezewi. Nikakaa nikatafsiri. Kujitambua. Nafsi, na kutambua. Nikaandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kuwa binti huyu ni “very self-conscious”.

Alipokwenda kwenye usaili, mmoja wa wasaili aliishika barua yangu akamuuliza, “Wewe mbona tunaambiwa una haya kupita kiasi? Mgonjwa utamuosha vipi?” Mtoto wa watu akaduwaa. Kwa Kiingereza neno lile lina maana ya mtu anayejiona anatazamwa. Ni kama kupita mbele ya baraza iliyojaa watu wanakunywa kahawa, mara mazungumzo yakanyamaza, na wewe ghafla hujui mikono yako uiweke wapi na miguu yako inakwenda kama ya mtu mwengine. Sisi tunasema katahayari, au anajishuku. Nilikuwa nimemsifu binti wa watu kwa kinyume chake. Nafasi aliipata, si kwa barua yangu, ni kwa alivyomjibu yule msaili: alimwambia aliyeandika ni mtu mzima na Kiingereza chake ni cha wodini. Nilipohadithiwa nilitahayari mimi kwa niaba yake.

Tangu siku hiyo kila nikiona limeandikwa “kijana anayejitambua” najiuliza kama ni Kiswahili au ni barua yangu imegeuzwa nyuma mbele.

Jengine ni uamuzi. Mwingereza akisema fulani kafanya “conscious decision”, anamsifu: kafikiri, kapima, kaamua. Mwandishi wenu mmoja, si huyu wa karafuu, miezi iliyopita aliandika juu ya mwalimu aliyeacha kazi mjini Unguja akarudi kufundisha Micheweni, akasema mwalimu huyo “alirudi kijijini kwa makusudi”. Kwa makusudi! Utadhani karudi kumkomoa mtu. Neno kusudi kwetu lina shubiri ndani. Mama humwambia mtoto aliyevunja sahani, “Umefanya kusudi weye!” Mtu aliyefikiri vizuri, sema karudi kwa hiari yake, anajua anachokiacha. Maneno yameongezeka, ndiyo. Gazeti lenu lina kurasa za kutosha.

Gharama na afya nitapita haraka. Wafanyakazi waangalie matumizi. Juisi inywewe na wanaojali afya zao. Kwisha.

Na “aware”, neno lao jengine la mtu anayejua kuwa jambo lipo? Maana najua atatokea mtu aseme ufahamu wetu huu umetoka huko. Mjukuu wangu anasema hilo si la Kilatini, ni la kwao wenyewe tangu Kiingereza cha kale, na asili yake ni hadhari, ndiyo maana linafanana na “beware”, lile neno wanalolitundika mlangoni kukuonya kuwa kuna mbwa. Basi angalia lilivyotufika. Kila semina inayokuja kisiwani ni ya kutuongezea uelewa. Tumeongezewa uelewa wa malaria, wa bahari, wa mikoko, na posho ya nauli juu yake. Siku moja, katika semina ya malaria, niliketi na bibi mmoja aliyezika watoto wawili kwa homa hiyo, na kijana mwenye projekta anamueleza kuwa lengo la siku ile ni kumpa yeye uelewa kuwa malaria ipo. Bibi akaniinamia sikioni: “Mwanangu, huyu kaja kuniambia au kuniuliza?” Kama kwenye karatasi yao pangeandikwa kutahadharishana, au kukumbushana, bibi yule asingejiona kaitwa mjinga kwa heshima zote.

Wapo watakaosema lugha hukua, na Kiswahili kina wenyewe, kuna BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, na kamusi lao, mimi ni nani. Kweli. Na siye Wapemba tulishazoea. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kipemba chetu kiliachwa bandarini na mizigo. Sitaki kumrekebisha mtu Kiswahili. Na kusema haki, kuna pahala neno ufahamu huenda likatufaa. Mjukuu wangu juzi kaniuliza eti kompyuta hizi zinazojibu watu kama binadamu, je, ni “conscious”? Nikamwambia kwanza niulize kwa Kiswahili. Akajaribu. Je, ina ufahamu? Hilo jibu lake rahisi, ikikujibu maswali ya mtihani ufahamu inao, ipe alama zake. Je, ina fahamu? Hapo akasita, maana hajapata kuiona ikizimia, ila umeme ukikatika. Je, inajijua? Je, inahisi? Je, ipo macho? Kila swali lilikuwa na jibu lake, na moja tulishindwa kabisa kulijibu. Akaniuliza, “Sasa bibi, lipi katika haya ndilo ‘conscious’?” Nikamwambia yote, na ndiyo maana wenyewe hawajamaliza kubishana. Mimi ningeanza na ukucha.

Kwa hivyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Taarifa ikikufikieni kwa Kiingereza, iwe ya hospitali au ya polisi, na neno hili limo, mwandishi ainue simu aulize: mgonjwa alikuwa akisema? Alifungua macho? Alikuwa akiweweseka? Kazinduka lini? Muuguzi wa zamu atamjibu, tena kwa Kiswahili, maana hayo ndiyo aliyoyaona kabla hajayageuza akayaandika kwa Kiingereza kwenye faili. Halafu nyinyi mnayageuza tena, na njiani ndiko fahamu zinapogeuka ufahamu.

Nimeirudia ile habari ya kijana wa mkarafuu mara tatu. Nimesoma jina la kijiji, nimesoma umri wake, nimesoma aliyempeleka hospitali ni mwenye gari ya ng'ombe, nimesoma na nasaha za ofisa mmoja kuwa wachumaji wawe waangalifu. Hamkuandika kama alizinduka. Kama mnajua, naomba mtuandikie.

Muuguzi mstaafu,
Limbani, Wete,
Pemba.